Ulimi wa Kuonja

Tumemzika Senje Jumamosi iliyopita. Kwenye chakula cha baada ya mazishi Rosa alisimama na kusema kwamba mama yake alikuwa mtu asiye na siri, na waombolezaji wakaitikia, kweli kabisa, kweli kabisa. Mimi niliinamia sahani yangu. Senje ndivyo tunavyowaita dada za baba zetu kule kwetu magharibi, na huyu alikuwa Senje Trufosa; Rosa ni binti yake wa pekee. Wenzangu walikuwa wamezunguka masinia, wanne wanne, wanamega ugali mmoja na kuchovya kwenye mchuzi mmoja, nami nilikuwa na sahani yangu mapajani. Hakuna aliyenitenga. Siku hizi najitenga mwenyewe, hata nyumbani kwangu, na mume wangu alishaacha kuuliza. Karibu na mlango alikuwa ameketi binti ya Rosa, msichana wa kidato cha tatu, amevaa sweta ya mikono mirefu kwenye jua lile la kupasua kichwa. Alipodhani hakuna anayemwona alijikuna kiwiko juu ya sweta, polepole, kwa namna ninayoijua vizuri. Ni kwa ajili yake naandika habari za mwaka mmoja nilioishi mjini, mtaa wa Mbotela, katikati ya miaka ya tisini. Rosa akikasirika, basi akasirike.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Senje aliniita nije kumsaidia kazi yake ya chakula, kwa kuwa msichana aliyekuwa naye alikuwa ameolewa. Nyumba yake ilikuwa ya kaunsili, vyumba viwili na jiko dogo la kupikia kwa nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo lenye vioo, harufu ya stovu ya mafuta ya taa iliyokuwa imeshika hadi kwenye mapazia, na meza ambayo haikukaliwa ila na wageni wakubwa. Sisi tulikula chini, kwenye mkeka, kutoka sinia moja ya bati yenye maua mekundu katikati. Niliipenda sana sinia ile. Mjini nilikuwa mgeni, sijui njia, sielewi nusu ya maneno ya vijana wa mtaa, lakini jioni mikono yetu ilipokutana kwenye ugali nilijua niko kwetu. Rosa alikuwa akinisukumia nyama upande wangu huku ameangalia redio, akijifanya hajui mkono wake umefanya nini. Wanawake wa ushirika wa kanisa walipotutembelea nao walikaa hapohapo, wakavua viatu, wakala. Senje mwenyewe hakukaa nasi. Alisema moshi umemshibisha, kisha akala baadaye jikoni peke yake, ugali uliopoa na mrenda, ile mboga ya kuteleza, na maziwa mala. Hatukuliona kuwa neno. Wala hatukushangaa kwamba kitambaa cha kichwa hakikumtoka hata akiwa kitandani, na kwamba kwenye joto la Februari alivaa blauzi za mikono ya kufika kwenye vifundo vya mikono. Alikuwa mwanamke wa heshima zake, na mtu wa namna hiyo humuulizi nguo.

Kazi yetu ilikuwa kwenye kibanda cha mabati, mbele ya geti la kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Asubuhi tulivuka reli na masufuria kichwani, na saa ya mapumziko geti lilipofunguliwa vibarua walitoka mbio, kila mmoja na njaa yake. Tulipika maharagwe, sukuma wiki, na matumbo yenye nyanya na pilipili za kutosha. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu hasa. Mpishi wa kwetu huonja kwa kiganja: unachota mchuzi kidogo kwa mwiko, unautonesha katikati ya kiganja, unaulamba. Hulambi mwiko, maana mwiko ni wa watu wote. Na vibarua wale walitaka kukuona ukifanya hivyo mbele yao kabla hawajatoa pesa, kwa sababu chakula ambacho mpishi amekilamba watu wakiona, kimejithibitisha. Senje hakuonja hata mara moja. Alisema pua yake inajua chumvi. "Nekesa, onja," alikuwa akiniita, na mimi nililamba kiganja, nikafumba macho kidogo kwa madaha, nikasema, "Iko sawa, Senje." Vijana walicheka, wengine wakasema wanakuja pale kwa ajili ya kuniona nikionja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sitasema sikufurahia.

Ngozi yangu ilikuwa na matatizo tangu shule ya msingi. Viwiko na magoti vilikuwa na mabaka mazito yenye magamba meupe, nasi tuliyaita choa, tukayapaka kila kilichopakika. Nilikuwa nimezoea kuyaficha. Mwaka ule, baada ya homa mbaya ya koo iliyonilaza wiki nzima, mwili wote ulitoka madoa, mgongoni na tumboni, na mara ulimi nao ukaharibika. Niliuona kwenye kioo cha Rosa. Ulikuwa na sehemu nyekundu laini kana kwamba mtu ameuchubua, na kila sehemu ilizungukwa na ukingo mweupe uliopindapinda. Katikati ulikuwa na ufa. Baada ya siku chache baka la kushoto lilikuwa limepona na jingine limetokea kulia, kisha nalo likahama. Nyanya ilinichoma. Pilipili ilinitoa machozi. Nililamba kiganja, nikameza maumivu, nikasema iko sawa, wakati sikujua kama iko sawa, maana nilichosikia ni moto tu, na chumvi sikuisikia.

Siku nilipojulikana, Senje alikuwa amezidisha pilipili. Nililamba, mchuzi ukanishika, na bila kutaka nikautoa ulimi nje ili upate hewa. Mbele yangu alikuwa amesimama Otis, kijana wa kupakia malori, mcheshi wa pale, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alinitazama mdomoni, kisha akamgeukia mwenzake.

"Manze, cheki ulimi ya huyu msupa."

"Iko aje?"

"Imekulwa yote. Huyu amekanyaga waya."

Kukanyaga waya ndivyo walivyokuwa wakisema mtu akiwa na ukimwi, maana jina lenyewe watu waliliogopa. Miaka ile tulizika sana. Kila mtaa ulikuwa na nyumba ambayo mtu alikonda ndani yake mapazia yakiwa yamefungwa, na kila mtu alijifanya daktari: nywele zikinyooka, wanasema, ukikohoa, wanasema, na ulimi wenye utando mweupe ulikuwa ushahidi usiohitaji mwingine. Senje aliniambia, "Nekesa, nenda ukae nyuma," nami nikaenda nikakaa kwenye debe. Nikamsikia mtu akiuliza, kwa adabu kabisa, "Sasa mama, nani ataonja?" Senje akasema ameshaonja yeye. "Hatujakuona," wakamwambia. Alichukua mwiko akajitonesha mchuzi kiganjani, akauinua mkono hadi karibu na kinywa. Halafu akasimama hivyo. Mwishowe alijifuta mkono kwenye aproni na kusema kwa sauti ya juu, "Kama hamniamini, nendeni mkale kwingine!" Walienda. Nilidhani ni hasira, nikampenda kwa hasira ile, nikaona amenitetea.

Kuanzia kesho yake Rosa aliacha masomo yake ya taipu akaja kuonja, na mimi nikabaki nyumbani. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba, na kwa kuwa sasa nilishinda ndani peke yangu nilisikia mengi. Nilimsikia mama wa upande wa pili akimwambia mgeni wake, "Mtoto wa watu, alikuja juzi tu akiwa mnene. Hawa wasichana wa kutoka nyumbani hawachelewi kuharibikia mjini." Mgeni akauliza kama tunatumia choo kimoja. Jioni hiyo Senje aliweka sinia chini, na nilipokaribia kunawa mikono alinikabidhi sahani ya plastiki ya manjano na kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu wa sufu kwenye mpini. "Hivi ni vyako," alisema. "Vioshe mwenyewe, uviweke peke yake." Rosa alitazama mkeka. Nilikula kwenye kona, nimewapa mgongo, maana sikuweza kutazama ile sinia. Usiku nilitandikiwa chumba cha mbele. Kitanda nilichokuwa nikilala na Rosa kikawa cha Rosa. Nilichotaka mwaka ule wote uliobaki kilikuwa kimoja tu, kurudi kwenye sinia. Kupona kwenyewe nilikuwa nakutaka kwa ajili hiyo.

Wanawake wa ushirika walikuja kuniombea. Mama Beti, mkubwa wao, mwanamke mwenye mikono mizito na moyo mzuri, alinifungua kinywa akasema ule ni ukungu, na ukungu hukwanguliwa. Tulikuwa na munyu, ile chumvi chungu ya majivu tunayochemshia mboga ili ziwe laini. Alinipaka munyu ule ulimini na kuanza kukwangua kwa ukingo wa kijiko, wenzake wakiimba na kunishika mabega. Uchungu wake siwezi kuueleza, nami sitajaribu. Damu ilitoka, na ule weupe haukutoka, kwa sababu haukuwa utando uliopakwa juu. Katikati ya mambo Senje aliweka mezani taa aliyokuwa akitumulikia, akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona amejishika mdomo kwa viganja vyote viwili. Nilisema moyoni, maskini, ananionea huruma. Wiki iliyofuata mabaka yalikuwa mengi zaidi, na hata palipokuwa pazima pamechubuka.

Mwishowe Rosa ndiye aliyesema twende hospitali, na alisema akilia, kwa hiyo Senje hakuweza kukataa. Walinitoa damu, tukarudi siku waliyotuambia. Tuliitwa kwenye chumba kidogo chenye dirisha lililofunikwa gazeti, na daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akaanza na habari yenyewe: sikuwa na ukimwi. Senje alisema, "Asante Yesu," kwa sauti ya chini. Kisha daktari akanikunja mikono atazame viwiko, akapapasa kichwa changu kati ya nywele, akanifungua kinywa na kukaa muda mrefu akitazama.

"Nani amekwangua hapa?" aliuliza. "Msirudie. Mkiuchokoza unazidi. Mama, huyu ana ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasisi. Ngozi inajitengeneza haraka kuliko inavyotakiwa, ndiyo haya magamba. Na ulimi wa namna hii, unaobadilika ramani kila wiki, mara nyingi unatembea pamoja nao. Si kila mwenye ngozi hii ana ulimi huu, na kuna wenye ulimi tu, ngozi yao safi. Lakini ukiona vyote viwili kwa mtu mmoja, usishangae."

"Unaambukiza?" niliuliza mimi. Swali hilo nilikuwa nimelibeba tangu nyumbani.

"Hapana. Kuleni sahani moja, kunyweni kikombe kimoja. Hauambukizi kabisa."

Alisema kuna dawa ya kupaka ya kutuliza ngozi, lakini ya kuumaliza hakuna. Utakuja, utaondoka, utarudi. Akashauri niache pilipili na vitu vichachu ulimi ukiwa umechubuka. Halafu akauliza, huku akiandika, "Kwenu kuna mtu mwingine mwenye hali hii? Maana mara nyingi unafuata ukoo." Aliuliza akimtazama Senje, kwa kuwa ndiye mkubwa. Senje alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, akakivuta mbele kidogo.

"Hakuna, daktari. Kwetu hakuna."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njiani Senje alininunulia ndizi mbivu, akanishika mkono tukivuka barabara ya Jogoo kana kwamba mimi ni mtoto. Niliimba siku nzima. Niliosha sinia yenyewe, nikaipangusa mpaka yale maua mekundu yakang'aa. Jioni nilinawa wa kwanza, nikakaa kwenye mkeka mahali pangu pa zamani, bega kwa bega na Rosa, mkono wangu ukiwa bado na maji. Senje alitoka jikoni na ugali. Akautua katikati ya sinia. Akarudi jikoni, akatoka na ile sahani ya manjano, imeshapakuliwa.

"Senje," nilisema, "daktari amesema tule pamoja."

"Nimemsikia."

"Amesema hauambukizi."

"Nekesa, nimemsikia." Alibaki ameinama, sahani mkononi, akingoja niipokee. "Daktari haishi Mbotela."

Nimelirudia neno lile miaka yote hii, na kwa uaminifu lazima niseme lilikuwa na ukweli wake. Majirani hawakuwa hospitalini. Otis na wenzake hawakuwa hospitalini. Mama wa upande wa pili alikuwa na watoto waliokuja kwetu kuomba maji, na wangeona. Lakini jioni ile mapazia yalikuwa yamefungwa, tulikuwa watatu tu ndani, na wote watatu tulikuwa tumesikia. Kama angetaka, angeweza. Niliipokea sahani nikaenda kwenye kona yangu, nikala ugali wenye chumvi ya machozi iliyonichoma ulimi. Kabla mwaka haujaisha nilipata kibarua cha kufungasha biskuti, nikapanga chumba Pumwani pamoja na wasichana wawili. Siku ya kwanza walipoandaa chakula niliwaambia nimeshiba. Siku ya pili nilikuja na sahani yangu.

Mabaka yamekuja na kuondoka maishani mwangu, kama yule mama alivyosema, ngozi na ulimi vikipokezana au vikija pamoja. Nimeolewa, nimezaa, nimewapikia watu wengi. Sijawahi kulamba kiganja mbele ya mtu tena. Na Senje sikumchukia. Nilikwenda kumwona kila Krismasi, naye alinipokea kwa chai, na chai yangu ilikuja kwenye kikombe cha bati chenye uzi mwekundu. Uzi ulipooza aliubadilisha.

Mwaka huu kiharusi kilimshika upande mmoja, na Rosa akamhamishia kwake, mtaa wa Fedha. Mwezi uliopita Rosa alinipigia simu akaniomba nimsaidie kumlisha kwa siku chache, kwa sababu mama alikuwa anakataa chakula na yeye alikuwa amechoka. Nilifika mchana. Rosa aliniachia bakuli la uji wa wimbi akaenda kufua. Senje alikuwa amelala kwenye mito, na kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemteleza hadi kwenye shingo, na mkono mmoja ulio mzima haukuweza kukirudisha. Juu ya sikio, hadi nyuma, ngozi ya kichwa ilikuwa imefunikwa magamba meupe yaliyo mazito kuliko yangu. Nilichota uji, nikamwambia, "Fungua kinywa, Senje," naye akatazama dari, akafungua.

Niliuona ulimi wangu. Nasema wangu kwa sababu ule ukingo mweupe naujua, na ule ufa wa katikati naujua, na hata ule wekundu upande wa kulia ninapopata mimi zaidi.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Nusu ya kinywa chake ilikuwa bado inasema. "Hujazaliwa," alisema.

Kwa hiyo ndiyo maana hakuonja. Alihitaji ulimi wa mtu mwingine ili auze chakula, na alikuwa na wasichana kabla yangu, na mimi nilipoharibika akamweka binti yake. Alijua kuwa hauambukizi kabla ya daktari kusema. Alikuwa amemnyonyesha Rosa, amemlaza kifuani, na Rosa hana doa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, hata kwa siri, hata mara moja tu jikoni. Alichukua muda mrefu kuyapanga maneno, na mate yalikuwa yakimtoka.

"Wakiona mmoja, watasema mgeni. Wakiona wawili, watasema nyumba."

Nilimlisha. Nilikuwa na hasira, na nilimlisha, akala akikunja uso kila kijiko, na uji ulipobaki chini ya bakuli nikauchota kwa kijiko kilekile nikautia kinywani mwangu mwenyewe. Nilitaka anione. Uji ulinichoma ulimi wote. Rosa alikuwa amekamua ndimu humo, ndimu nyingi, kama alivyokuwa akifanya kila siku kumpa mama yake hamu ya kula, na kila siku mama yake alikuwa akikataa chakula bila kusema sababu.

Rosa aliingia wakati huo na beseni la nguo. Aliniona na kijiko mdomoni. Aliweka beseni chini, akaja, akaniondolea kijiko mkononi kwa upole kabisa, kwa vidole viwili. "Hicho ni cha mama," alisema. "Pole, si ubaya. Ngoja nimletee kingine."

Nilimgeukia Senje. Alikuwa na ile nusu ya kinywa, na ilikuwa imetosha kunijibu mimi muda mfupi uliopita. Akaifunga.

"Rosa," nilisema, "usitie ndimu tena kwenye uji wa mama."

"Kwa nini? Ndimu anaipenda."

Nilingoja Senje ajibu. Rosa naye akamtazama mama yake, akingoja, kijiko changu mkononi. Nje kulikuwa na maji yanayomwagika kutoka bombani, hakuna aliyekwenda kuyafunga.

"Usitie tu," nikasema.